Injini ya 2.5 kwenye gari la 2.0: uchambuzi wa kisa kimoja cha gari la kila siku

Kisa hiki ni cha gari moja nililolishughulikia tangu siku injini ya zamani ilipotoka hadi miezi 14 baadaye. Jina la mwenye gari, namba za gari, mahali na muuzaji wa injini nimeviondoa. Vipimo nimevitoa kwenye daftari langu la kazi.

Nakiandika kwa sababu kila mara anakuja mtu kuniuliza, "Fundi, injini fulani inaingia kwenye gari langu?" Karibu kila injini inaingia kwenye karibu kila gari, ukiwa na grainda, welding na muda wa kutosha. Mtu anayekwenda kazini na gari hilo kila asubuhi anapaswa kuuliza jambo jingine: injini hiyo ikishakaa, itadai nini kwenye sehemu nyingine za gari, na je, yuko tayari kukitoa mapema?

Gari na mwenye gari

Lilikuwa Toyota Mark II ya 1994, bodi ya GX90, otomatiki, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Injini yake ni 1G-FE, silinda sita kwenye mstari mmoja, cc 1,988. Mita ilikuwa imepita kilomita 300,000. Likiwashwa asubuhi lilitoa moshi wa bluu kwa dakika moja hivi, na mwenyewe alikuwa ameshazoea kuongeza lita moja ya oili kila kilomita 1,000. Tulipopima kompresheni, yaani shinikizo ndani ya silinda, silinda ya nne na ya tano zilikuwa chini sana kuliko wenzake. Tukatia oili kidogo kwenye tundu za plagi na kupima tena, namba zikapanda. Hapo ukajua ringi za pistoni zimechoka.

Bodi, kwa upande mwingine, ilikuwa safi kuliko magari mengi yenye nusu ya umri wake. Milango inafunga kwa kidole, sakafu haina kutu, viti havijachanika. Mzee mwenye gari alikuwa nalo miaka 11 na hakutaka kabisa kusikia habari ya kuliuza.

Matumizi yake yalikuwa ya aina moja, siku sita kwa wiki: watu watano ndani, kiyoyozi kimewashwa, foleni ndefu, kisha mlima mrefu wenye kona. "Nikianza kupandisha nazima kiyoyozi, tunafungua vioo, na bado malori yananipita," aliniambia. Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake la kweli, na nililiandika juu kabisa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa sababu kazi ya namna hii ikianza mtu husahau haraka alichokuja kutafuta.

Kwa nini 1JZ-GE, na kwa nini tulikataa turbo

Njia zilikuwa nne: kufanya ovahoo ya 1G-FE, kutafuta 1G-FE nyingine iliyotumika, kuweka 1JZ-GE ya cc 2,491, au kuweka 1JZ-GTE yenye turbo. Mzee alikuja akiwa ameshaitaka ile ya mwisho. Alikuwa amepanda gari la ndugu yake lenye injini hiyo, na ladha yake ilikuwa haijamtoka.

Nilimkalisha tukafanya hesabu. 1G-FE ya bodi ile ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 135. 1JZ-GE ya miaka hiyo ilitoa 180, na yenye turbo 280. Kutoka 135 hadi 180 ni ongezeko la theluthi moja, na mlima wake haukuhitaji zaidi ya hapo. Kutoka 135 hadi 280 ni zaidi ya mara mbili. Hapo huna tena sehemu ya gari ambayo unaweza kuiacha kama ilivyo: giaboksi, propela, difu (gia za ekseli ya nyuma zinazogeuza mzunguko wa propela kuwa wa magurudumu), breki, rejeta, pampu ya mafuta, vyote vinabadilika siku moja, na turbo yenyewe inaleta intakula (kipoza hewa ya turbo), mabomba na joto lake. Gari la mwisho wa wiki linaweza kusubiri hayo yote. Gari linalotakiwa kuwaka saa kumi na moja na nusu alfajiri haliwezi.

Sababu kubwa zaidi ilikuwa bodi. Mark II ya kizazi kile ilitengenezwa pia na 1JZ-GE kiwandani, ikaitwa JZX90. Maana yake nafasi ya injini ile ilishapimwa na wahandisi: kuna krosimemba yake (chuma cha chini kinachobeba injini), mauntingi zake, rejeta yake, ekzosi yake, nyaya zake na springi zake za mbele. Hakuna chuma cha kukata wala cha kuchomelea. Ukikwama miezi sita baadaye, kifaa unachokitafuta kina namba yake kwenye kitabu cha vipuri. Kwangu hiki ndicho kigezo cha kwanza kwa gari la kila siku, na nakiweka mbele ya nguvu, mbele ya ulaji wa mafuta, mbele ya kila kitu: chagua injini ambayo bodi yako ilishawahi kuibeba.

Ovahoo ya 1G-FE ingekuwa rahisi na ya haraka zaidi. Nilimwambia hivyo waziwazi. Angekuwa anaendesha peke yake kwenye tambarare ningemsihi aifanye. Lakini ovahoo ingemrudishia farasi 135 zilezile, na kwa mzigo ule na mlima ule angerudi kulalamika hata injini ikiwa mpya.

Kununua

Tuliagiza kipande cha mbele cha JZX90: injini, giaboksi lake, kontroli boksi (kompyuta ya injini), nyaya, krosimemba, na propela, kwa sababu sikutaka kubahatisha urefu. Kosa letu la kwanza lilikuwa kutosema neno moja juu ya nyaya. Kipande kilipofika, nyaya zilikuwa zimekatwa kwa msumeno pale zinapopita ukutani kuingia kwa abiria. Viunganishi vyote vya upande wa dashibodi vilikuwa vimebaki kwenye gari walilolikata. Aliyekata aliokoa dakika kumi, sisi tukapoteza jioni tisa.

Injini yenyewe tuliipima ikiwa bado sakafuni. Tuliifungia stata na betri, tukatoa plagi zote sita, tukafungua throto (mlango wa hewa ya injini) mpaka mwisho, tukapima silinda moja baada ya nyingine. Namba zilikuwa kati ya kilo 12.0 na 12.5 kwa sentimita ya mraba. Nilikuwa nimejiwekea mpaka kwamba tofauti ya juu na chini ikizidi kilo moja tunairudisha. Tulifungua pia kifuniko cha kujazia oili na kuchungulia kwa tochi: chuma kilikuwa na rangi ya asali, hakuna tope jeusi.

Kabla haijaingia tulibadilisha mkanda wa taimingi na tenshena yake, pampu ya maji, thermostati, plagi, nyaya za plagi, gasketi za vifuniko vya valvu, na oili sili za mbele na nyuma ya krenki. Kwenye sili ya nyuma mzee alisita, kwa sababu ile iliyokuwepo haikuwa inavuja. Nilimshikilia. Sili hiyo ni ya bei ndogo, lakini kuifikia injini ikiwa ndani ni kushusha giaboksi zima. Kopa za stata, vile vipande vya shaba vinavyopitisha umeme wake, ndizo nilizozisahau, na kwenye injini za JZ stata imejificha chini ya manifodi ya kuingizia hewa. Mwezi wa sita gari lilipiga "ta!" asubuhi moja na kukataa kuzunguka. Kazi ya nusu saa injini ikiwa sakafuni ilinichukua asubuhi nzima nikiwa nimelala chini ya gari.

Vyuma, kisha nyaya

Vyuma havina hadithi ndefu. Krosimemba ya 1JZ iliingia kwenye tundu zilezile, mauntingi zikakaa, propela ikafika. Siku nne. Springi za mbele tulitumia zilizokuja na kipande, maana injini ya JZ ni nzito zaidi na springi za zamani zingeshusha pua ya gari.

Nyaya ndizo zilizokula muda. Niliweka michoro miwili ubavuni, wa GX90 na wa JZX90, nikaandika kwenye karatasi kila waya unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi. Kwenye michoro ya Toyota herufi ya kwanza ni rangi ya waya na ya pili ni mstari wake, kwa hiyo B-R ni waya mweusi wenye mstari mwekundu. Nilipata nyaya 19. Viunganishi vya upande wa bodi nilivikata kwenye nyaya za zamani za 1G-FE nikiacha mkia wa sentimita 20, kisha nikaunga waya kwa waya kwa risasi na mpira wa kusinyaa. Sikufunga hata kiungo kimoja kwa kusokota na utepe. Kiungo cha kusokota kinafanya kazi siku ya kwanza, halafu kinaanza kushika na kuachia gari likitikisika, na hakuna ugonjwa mgumu kuutafuta kama huo.

Kabla ya kuchomeka kontroli boksi nilipima kila tundu la kiunganishi chake kwa mita ya umeme. BATT inatakiwa kuwa na umeme wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. +B inapata umeme ufunguo ukiwashwa, kupitia rilei ya EFI. STA inapata wakati wa kupiga stata tu. E1, E01 na E02 ni za athi, njia ya umeme kurudi kwenye betri. FC ndiyo inayoamuru pampu ya mafuta. Nililipata kosa moja hapo: nilikuwa nimebadilishana waya wa taa ya oili na wa geji ya joto. Ningewasha hivyo, geji ingesema uongo siku ambayo tungeihitaji zaidi.

Siku ya kuwasha, stata ilizunguka kwa uzito, kama betri imekufa. Mara ya pili, moshi mwembamba ukatoka karibu na throto. Nilishika keboli ya akselereta na kuiachia palepale, ilikuwa ya moto na ganda lake la plastiki limeanza kulainika. Tulikuwa tumesahau waya mnene wa athi kati ya injini na bodi. Injini imekaa juu ya mipira ya mauntingi, haigusani na bodi. Umeme wote wa stata ulikuwa unatafuta njia ya kurudi kwenye betri, ukaipata keboli ile nyembamba. Tulifunga athi, tukasugua rangi chini ya bolti hadi chuma king'ae, na injini ikawaka kwa mzunguko wa kwanza. Keboli tuliibadilisha.

Siku mbili za majaribio zikaleta jambo jingine. Gari lilikuwa linakwenda vizuri, lakini kila linapokaribia kusimama injini ilizima. Taa ya cheki injini haikuwaka. Kwenye kontroli boksi za kizazi hiki unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kiunganishi cha uchunguzi, unawasha ufunguo, na taa inakuhesabia kosa. Ilimeta mara nne, ikapumzika kidogo, ikameta mara mbili. 42: kompyuta haipati taarifa ya mwendo wa gari. Waya wa SPD, unaoleta taarifa hiyo, nilikuwa nimeuunga, lakini pini yake ilikuwa imerudi nyuma ndani ya kiunganishi. Kompyuta haikujua kama gari linatembea au limesimama, kwa hiyo haikujua lini ishike injini isizime. Pini ikasukumwa, ugonjwa ukaisha.

Wiki ya tatu barabarani: kuchemsha

Nirudi nyuma kidogo, kabla gari halijatoka: kazi nzima tulikuwa tumeipangia wiki mbili, na ilikuwa imefika ya saba. Mzee alikuwa anapanda magari ya watu kwenda kazini muda wote huo, na ingawa hakunigombeza hata siku moja, nilianza kuona haya kupokea simu yake. Rejeta ya JZX90 haikuwa imekuja na kipande, ilikuwa imepasuka kwenye gari lililogongwa. Nikaamua tutumie ile ya 2.0 kwa muda. Kava ya plastiki inayozunguka feni haikulingana na feni ya 1JZ, nikaiacha nje. Nilikuwa nimejiambia ni kwa wiki mbili tu.

Wiki ya tatu tangu gari litoke, kwenye foleni, kiyoyozi kimewashwa, sindano ya joto ikapita katikati na kuendelea kupanda. Mzee alifanya mambo matatu ambayo naamini yaliokoa injini: alizima kiyoyozi, akafungua hita ya ndani hadi mwisho feni yake ikiwa kasi ya juu, na akaegesha pembeni kabla sindano haijagusa nyekundu. Hita ni rejeta ndogo ndani ya gari. Ukiifungua unachota joto kwenye maji ya injini, hata kama abiria wanatoka jasho. Kifuniko cha rejeta hakukigusa mpaka chuma kilipopoa.

Cha ajabu kwake ni kwamba kwenye barabara ya wazi, kwa kasi, sindano haikuwahi kupanda. Mtu wa pembeni akamwambia ni silinda hedi gasketi. Ningemshauri kila anayekutana na hali hii asikimbilie huko. Gari linalochemsha likisimama na kupoa likikimbia linakuambia kwamba maji yanazunguka vizuri na tatizo ni hewa. Likikimbia, upepo wa mwendo unapita kwenye rejeta wenyewe. Likisimama, ni feni peke yake inayouvuta. Bila kava, feni inavuta hewa ya moto iliyo karibu nayo, nyuma ya rejeta, na kuizungusha hapohapo, na kona za rejeta hazipati kitu. Niliweka karatasi mbele ya rejeta injini ikiwa inanguruma: katikati ilishikwa, kwenye kona ikaanguka. Klachi ya feni nayo ilikuwa imechoka. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, feni ilizunguka kwa urahisi niliposukuma pangaboi kwa mkono, badala ya kukaza.

Tuliweka rejeta ya JZX90 pamoja na kava yake na klachi mpya ya feni. Tulitoa hewa kwa uangalifu, pua ya gari ikiwa imenyanyuliwa na hita imefunguliwa. Thermostati ya JZ iko upande wa maji yanayoingia kwenye injini, chini, kwa hiyo usidhani imefunguka kwa sababu tu paipu ya juu ina moto. Shika ya chini. Kompresheni tukapima tena, namba hazikuwa zimeshuka. Gari halijachemsha tangu siku hiyo.

Difu, na mita iliyotupotosha

Difu tuliiacha ya zamani. Gari lilivuta kwa nguvu mno, na mzee alikuwa na furaha ambayo sitaisahau: siku ya kwanza alinipigia simu kutoka juu ya mlima kuniambia kiyoyozi kimewashwa na vioo vimefungwa. Baada ya miezi miwili akanipa habari nzuri nyingine, kwamba gari linakula kidogo kuliko zamani. Tangi kwa tangi alipata kilomita 9.2 kwa lita, wakati 1G-FE ilikuwa inampa 8.8.

Habari hiyo ilinikaa vibaya. Injini yenye robo zaidi ya ujazo, gari zito zaidi, njia ileile, halafu inakula kidogo? Inawezekana, kama injini ya zamani ilikuwa imechoka sana. Lakini alitaja pia kwamba "linakwenda 110 na halisikiki". Nilikaa naye na simu yenye GPS. Dashibodi ikisoma 110, simu ilisoma 100.

Tuliinyanyua nyuma. Kupima uwiano wa difu ya kawaida bila kuifungua, nyanyua gurudumu moja tu, weka giaboksi huru, tia alama kwenye propela, zungusha gurudumu mara mbili kamili na uhesabu mizunguko ya propela. Ilizunguka mara nne na kama theluthi: 4.3. Gari lililotoa injini yetu lilikuwa na difu ya 3.9. Kihisi cha mwendo kinasoma mizunguko ya shafti inayotoka kwenye giaboksi, na giaboksi letu lilikuwa limepangwa kwa ajili ya difu ya 3.9. Kwa 4.3 shafti inazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, na mita inadhani gari limekwenda mbali zaidi. Gawanya 4.3 kwa 3.9 unapata 1.10. Asilimia 10 kwenye kasi, na asilimia 10 kwenye kilomita.

Kwa hiyo ile 9.2 ilikuwa kilomita za mita, ambazo barabarani zilikuwa 8.3 tu. Gari lilikuwa linakula zaidi kuliko zamani, na sote tulikuwa tumefurahia namba iliyotokana na jino la plastiki ndani ya giaboksi. Nimekutana na watu wengi wanaosema injini kubwa imewapunguzia mafuta. Wengine wako sahihi. Ningewaomba wote walinganishe mita zao na GPS kwanza.

Hesabu ya mizunguko ilikuwa rahisi baada ya hapo. Tairi za 205/60 R15 zinakwenda mita 1.97 kwa mzunguko mmoja. Kasi ya kilomita 100 kwa saa ni mita 1,667 kwa dakika, yaani mizunguko 846 ya gurudumu. Zidisha kwa 4.3, kisha kwa 0.7 ambayo ni takriban uwiano wa gia ya mwisho, unapata 2,550. Kwa difu ya 3.9 ni 2,310. Injini ya 2.0 inahitaji difu fupi ili iweze kuvuta. Ya 2.5 haihitaji msaada huo, inalipa mafuta na kelele bure. Mwezi wa tano tuliweka difu ya 3.9. Mita ikarudi kwenye ukweli, na ulaji ukawa kilomita 9.0 kwa lita, safari hii kilomita za kweli.

Breki na karatasi

Kuna kauli kwamba ukiongeza injini lazima uongeze breki. Kwa ongezeko la farasi 45 sikuona lazima ya kubadilisha mfumo, niliona lazima ya kuurudisha kwenye afya. Diski za mbele zilikuwa zimekonda kupita kipimo kilichopigwa muhuri kwenye diski yenyewe. Tuliweka diski na pedi mpya, tukabadilisha mafuta yote ya breki na mipira ya kaliperi. Hili lilifanyika kabla gari halijatoka nje ya geti, na ni uamuzi ninaouona bora kuliko yote. Dereva aliyekuwa anamaliza mlima kwa 80 sasa anaumaliza kwa 100 bila kujua. Nguvu anayotakiwa kuizima haiongezeki kwa robo, inaongezeka kwa zaidi ya nusu, kwa sababu inakwenda na kasi mara kasi: 1.25 mara 1.25 ni 1.56. Kushuka kwa kilima kile upande wa pili ndiko kulikonitia hofu kuliko kupanda.

Karatasi mzee alizishughulikia mwenyewe mapema. Namba ya injini na ujazo wake viliandikwa upya kwenye kadi ya gari, bima ikaarifiwa kwa maandishi, na stakabadhi ya injini anaitunza. Gari lenye injini isiyolingana na karatasi zake linaweza kukosa fidia siku ya ajali, hata kama injini haihusiki na ajali hiyo.

Matokeo

Baada ya miezi 14 gari limetembea kilomita 31,000 na injini mpya. Oili haipungui kiasi cha kuonekana kati ya sevisi na sevisi. Limeshindwa kwenda kazini siku mbili: ya kuchemsha na ya stata. Muda ulikuwa wiki saba badala ya mbili, na gharama ilizidi makadirio kwa karibu nusu. Injini na giaboksi vilikuwa kidogo tu zaidi ya nusu ya matumizi yote.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kuchagua injini ya familia ya bodi ileile. Matatizo yote tuliyoyapata yalikuwa na jibu lililokuwepo tayari: rejeta ya JZX90, kava ya JZX90, difu ya JZX90. Hatukubuni kitu. Kupima kwa mita kabla ya kuwasha kulitulinda na kosa la geji. Kubadilisha sili na mikanda injini ikiwa nje kumelipa, na pale nilipoacha, kwenye stata, nimelipishwa.

Kushindwa kwetu kulitoka sehemu moja: tulinunua injini kabla ya kuandika orodha ya vinavyoizunguka. Rejeta, kava, difu na viunganishi vya nyaya vyote vilikuwa vinajulikana. Ningekuwa nimeviandika siku ile ya kwanza chini ya lile tatizo la mlima, tungevitafuta wakati injini iko njiani, na nisingefika wiki ya saba nikiwa na haya ya kumweka mzee bila gari. Uamuzi wa kutumia rejeta ndogo haukutoka kwenye kutojua. Nilijua. Ulitoka kwenye ratiba niliyoiahidi bila kuihesabu, na rejeta ikawa ndiyo kitu pekee kilichobaki ambacho ningeweza kukipunguza siku ile. Kwa kazi kama hii sasa namwambia mtu wiki nane, na namwomba apange usafiri mwingine kabla sijafungua bolti ya kwanza.

Ningeanza tena, nisingenunua kipande cha mbele. Ningetafuta JZX90 nzima iliyogongwa nyuma au ubavuni, na kuihamisha yote: nyaya bila kukatwa, dashibodi, difu, propela, rejeta, hata kishikio kidogo cha chujio la hewa ambacho tulihangaika nacho siku mbili. Gari zima lililokufa lina kila jibu ndani yake. Kipande kina yale tu ambayo msumeno uliyaacha.

Limebaki jambo moja ambalo sijalimaliza. Likiwa la baridi, asubuhi, giaboksi linagonga kidogo kutoka gia ya pili kwenda ya tatu, mara mbili au tatu, kisha linatulia. Mafuta yake yalibadilishwa, kihisi cha throto kimepimwa. Mzee anasema hajali. Mimi nimeshamwambia aniletee wiki ijayo.